Tezi Ndogo Juu ya Figo: Jinsi Upungufu wa Kortisoli Unavyotafutwa

Hakuna lalamiko linalosikika mara nyingi katika chumba cha daktari kuliko uchovu. Mkulima huchoka, mwanafunzi huchoka, mama mwenye mtoto mchanga huchoka, na aghalabu sababu hujulikana kabla hata swali halijaulizwa. Lakini wapo wagonjwa wachache ambao uchovu wao hauondoki kwa usingizi wala kwa chakula. Uzito wao hupungua, kizunguzungu huwashika wanaposimama, tumbo huwauma bila sababu iliyo dhahiri, na wengine hutamani chumvi hata kuilamba mkononi. Mgonjwa wa namna hii huweza kutibiwa minyoo, vidonda vya tumbo na malaria, mwaka baada ya mwaka, ilhali chanzo cha maradhi yake ni tezi mbili zenye uzito wa gramu nne au tano kila moja, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia. Kisha siku moja hupatwa na homa ya kawaida, au huvunjika mguu, au hufanyiwa upasuaji mdogo. Shinikizo la damu huanguka na haliinuki tena. Kifo hicho kingalizuiwa kwa dawa inayojulikana tangu miaka ya 1950.

Ndiyo sababu swali la kama kortisoli ya mtu imepungua ni swali zito. Aidha ni swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kutoa damu mara moja na kusoma namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara, kama wengi wanavyodhani.

Kazi ya tezi hizi

Tezi adrenali ina sehemu mbili zenye asili tofauti. Kiini chake hutoa adrenalini, homoni ambayo kila mwanafunzi wa baiolojia anaifahamu, kwa kuwa ndiyo inayoufanya moyo uende mbio mtu anapokutana na nyoka njiani. La kushangaza ni kwamba binadamu aweza kuishi bila kiini hicho. Asichoweza kuishi bila yake ni gamba linalokizunguka. Gamba hutengeneza aldosteroni, inayozifanya figo zihifadhi sodiamu na kuitoa potasiamu, na hutengeneza kortisoli.

Kazi za kortisoli ni nyingi. Mtu asipokula, huliamuru ini litengeneze glukosi kutokana na protini, ili ubongo usikose chakula chake. Huisaidia mishipa ya damu kuitikia adrenalini; pasipo kortisoli, mishipa hulegea na shinikizo hushuka. Tena huzuia uvimbe na ukali wa kinga ya mwili usipite kiasi. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza takriban miligramu 10 hadi 20 kwa siku, na anapougua sana kiasi hicho huongezeka maradufu na zaidi.

Tezi adrenali haijiamulii yenyewe. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupeleka ujumbe kwa tezi pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo humwaga katika damu homoni iitwayo ACTH. Na ACTH ndiyo inayolisukuma gamba la adrenali litoe kortisoli. Kortisoli ikitosha, hurudi kuzinyamazisha haipothalamasi na pituitari. Mpango huu wafanana na tangi la maji lenye boya: maji yanapopanda boya hupanda nalo na kuufunga mfereji, na maji yanaposhuka mfereji hufunguka tena. Tofauti ni kwamba tangi la mwili lina mwangalizi. Wakati wa homa kali, jeraha au hofu, ubongo hulishikilia boya chini ili maji yazidi kuingia hata kama tangi limejaa.

Mwangalizi huyo hufuata pia saa. Kortisoli hupanda usiku wa manane ukishapita, hufikia kilele karibu na wakati wa kuamka, yaani saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha hupungua mchana kutwa mpaka kiwango cha chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Tena haitoki kama mto. Hutoka kwa mafungu, na nusu ya kila fungu huwa imeondoka katika damu baada ya muda wa saa moja hadi moja na nusu. Walimu wa hesabu watautambua mchoro wake mara moja.

Addison na wagonjwa wake

Hadi katikati ya karne ya 19 hakuna aliyejua kazi ya tezi hizi. Thomas Addison, tabibu wa Guy's Hospital mjini London, alikuwa akichunguza upungufu wa damu alipoanza kuona wagonjwa wa aina ya pekee: dhaifu, wenye moyo usio na nguvu, na wenye ngozi iliyogeuka rangi kama shaba nyeusi. Baada ya kufa kwao aliwapasua, akakuta tezi za juu ya figo zimeharibika. Alilitaja jambo hilo mwaka 1849, na mwaka 1855 alichapisha kitabu kilichoeleza habari za wagonjwa 11. Wengi wao tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu.

Mwaka uliofuata, 1856, mwanafiziolojia Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi katika Bahari ya Hindi, aliwaondolea wanyama tezi hizo, nao wakafa. Wako waliobisha, wakidai kwamba wanyama waliuawa na kisu cha mpasuaji wala si kwa kukosa tezi. Lakini hoja ilikuwa imekwisha wekwa mezani: kiungo kidogo kisichojulikana kazi yake ni cha lazima kwa uhai.

Kujua hivyo hakukuwaponya wagonjwa. Kwa muda wa miaka takriban 80 baada ya Addison, kuutambua ugonjwa huu kulikuwa sawa na kutabiri kifo. Mambo yalibadilika Edward Kendall huko Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi walipofaulu, katika miaka ya 1930, kuzitenga kemikali za gamba la adrenali. Mwaka 1948 Philip Hench, mwenzake Kendall katika Mayo Clinic, alimpa mojawapo ya kemikali hizo mgonjwa aliyelemazwa na baridi yabisi, na mgonjwa akainuka. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Dawa iliyowapa sifa kwa ajili ya viungo vya watu wenye tezi nzima ndiyo iliyowapa maisha watu wasiokuwa na tezi. Mmoja wao alikuwa John F. Kennedy, aliyetambuliwa kuwa na ugonjwa wa Addison mjini London mwaka 1947. Alipopasuliwa mgongo mwaka 1954, habari zake ziliandikwa mwaka uliofuata katika jarida la wapasuaji bila jina, kama mtu wa miaka 37 mwenye ugonjwa huo. Miaka sita baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani.

Rangi ya ngozi

Dalili iliyomwongoza Addison inahitaji kuangaliwa kwa makini katika nchi za Afrika. Sababu yake ni hii. Gamba la adrenali linapoharibika, kortisoli hupungua, pituitari hukosa wa kuinyamazisha, nayo humwaga ACTH kwa wingi. ACTH hukatwa kutoka katika protini kubwa ambayo ndiyo pia huzaa homoni ya kuchochea rangi ya ngozi, na ACTH yenyewe ikizidi huweza kuzichochea chembe hizo za rangi. Katika ngozi nyeupe badiliko huonekana kwa mbali. Katika ngozi nyeusi laweza kumpita daktari bila kuonwa, hasa aliyejifunza kwa picha za vitabu vya Ulaya. Hapo hapana budi kutazama mistari ya viganja, ulimi, ufizi, na makovu yaliyopatikana baada ya ugonjwa kuanza. Hata hivyo, mabaka meusi kwenye ufizi ni jambo la kawaida kwa Waafrika wengi walio wazima. Kinachotafutwa ni badiliko, na mwenye kulijua badiliko ni mke, mume au mama wa mgonjwa. Swali la kuwauliza ni kama amezidi kuwa mweusi kuliko alivyokuwa mwaka jana.

Namba na maana yake

Sasa tuseme damu imechukuliwa. Maabara nyingine huandika mikrogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita, na wagonjwa wamekwisha fadhaika kwa kulinganisha namba za vipimo viwili tofauti. Kubadilisha si kazi kubwa. Fomula ya kortisoli ni C21H30O5, na moli yake moja ina uzito wa gramu 362.5. Mikrogramu 1 kwa desilita ni mikrogramu 10 kwa lita. 10 ikigawanywa kwa 362.5 ni mikromoli 0.0276, yaani nanomoli 27.6. Basi mikrogramu 10 kwa desilita ni nanomoli 276 kwa lita.

Damu iliyochukuliwa saa 2 asubuhi ikiwa na chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, yaani nanomoli 80 hivi kwa lita, upungufu unaelekea sana kuwapo. Ikizidi mikrogramu 15 hadi 18, upungufu hauelekei. Katikati ya mipaka hiyo pana uwanja mpana, na watu wengi wanaohangaika kutafuta jibu huangukia humo. Namba 8, kwa mfano, haisemi kitu peke yake. Ikiwa damu ilichukuliwa saa 10 jioni, ni namba ya mtu mzima kabisa. Ikiwa mpimwaji ni mlinzi wa usiku aliyetoka kazini asubuhi hiyo, saa ya mwili wake huenda imegeuka. Tena zaidi ya asilimia 90 ya kortisoli katika damu imebebwa na protini, na vipimo vya kawaida huhesabu yote, iliyobebwa na iliyo huru. Mwanamke atumiaye vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni huwa na protini nyingi ya kubebea, na namba yake hupanda bila yeye kuwa na kortisoli ya ziada inayofanya kazi. Mgonjwa wa ini, au wa figo zinazopoteza protini, huonekana amepungukiwa ilhali huenda hakupungukiwa.

Kwa hiyo mtaalamu hafanyi shauri kwa namba ya katikati. Hulitaka gamba la adrenali lifanye kazi mbele yake. Mwalimu naye hawezi kujua kama mwanafunzi aliyenyamaza ameelewa somo mpaka amwulize. Mgonjwa hudungwa sindano ya mikrogramu 250 za ACTH iliyotengenezwa kiwandani, na kortisoli hupimwa kabla ya sindano, kisha baada ya dakika 30 na dakika 60. Tezi nzima huitikia kwa nguvu. Kwa miaka mingi mpaka wa kufaulu ulikuwa nanomoli 500 kwa lita. Mbinu mpya za kupima, ambazo hazichanganyi kortisoli na kemikali zinazofanana nayo, zimeushusha mpaka kati ya 400 na 450. Matokeo basi lazima yasomwe pamoja na mbinu iliyotumika. Kuna pia tahadhari moja: pituitari ikiwa imeumia siku chache tu zilizopita, adrenali huwa bado haijanyauka, nayo yaweza kuitikia vizuri na kumdanganya mpimaji.

Mahali mnyororo ulipokatika

Upungufu ukishathibitika, hubaki kujua ni pete ipi ya mnyororo iliyokatika. Gamba lenyewe likiwa limeharibika, ACTH huwa juu, ngozi hugeuka, sodiamu hushuka na potasiamu hupanda kwa kuwa aldosteroni nayo haipo. Pituitari ikiwa ndiyo mgonjwa, ACTH huwa chini au haina wingi unaostahili, ngozi haigeuki, na potasiamu haipandi, kwa sababu aldosteroni hutawaliwa zaidi na figo kuliko pituitari.

Katika Ulaya ya leo gamba huharibiwa zaidi na kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe. Lakini Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kwa nchi hizo kitabu cha Addison hakijapitwa na wakati. Vijidudu husafiri katika damu kutoka mapafuni na kutulia katika adrenali. Dalili huchelewa, kwani takriban asilimia 90 ya gamba lazima iharibike kwanza. Hapo hutokea jambo linalostahili kujulikana na kila mhudumu wa afya. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huvichochea vimeng'enya vya ini viivunje kortisoli upesi zaidi. Mwenye tezi nzima hutengeneza nyingine kufidia. Mwenye tezi iliyokwisha nusu-kufa hawezi. Mgonjwa aliyeanza dawa juzi, badala ya kupata nafuu, huanza kutapika, kuishiwa nguvu na kuanguka. Na ni rahisi mno kusema kwamba dawa zimemkataa.

Pituitari nayo ina adui anayejulikana katika wodi za wazazi. Wakati wa mimba tezi hiyo hukua, na mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, huweza kukosa damu na kufa sehemu yake. Harold Sheehan alilieleza jambo hili mwaka 1937. Mama huokoka, lakini maziwa hayatoki, hedhi hairudi, na miaka inapopita hudhoofika bila kujua kwa nini. Historia ya uzazi wake ndiyo ufunguo, nayo huulizwa kwa dakika moja.

Sababu inayoongoza kwa wingi kuliko zote, hata hivyo, ni dawa za jamii ya kortisoli zenyewe. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu ya miligramu 20 za kortisoli. Mtu anayemeza 40 kila siku kwa pumu au baridi yabisi anapata mara nane au zaidi ya kile ambacho mwili wake ungetengeneza. Boya hupanda juu na kukwama huko. Baada ya wiki tatu au nne za dawa, pituitari huwa imelala na adrenali imeanza kunyauka, na zikiachwa ghafla mtu hubaki bila kortisoli kabisa, ya kumeza wala ya mwilini. Ndiyo maana dozi hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi.

Wako wanaomeza dawa hizi bila kujua, na wako wanaojipaka. Baadhi ya krimu za kujichubua, pamoja na michanganyiko iitwayo mkorogo, huwa na klobetasoli, mojawapo ya dawa kali kabisa za jamii hii, ambayo hupenya ngozi na kuingia katika damu. Mtumiaji wa muda mrefu huja na sura ya mtu mwenye kortisoli iliyozidi: uso wa duara, mikono myembamba, ngozi nyepesi inayochubuka. Damu yake ikipimwa, kortisoli karibu haipo. Hakuna kosa la maabara hapo. Klobetasoli inafanya kazi ya kortisoli lakini kipimo hakiioni, na tezi za mwenyewe zimenyamazishwa. Kwa prednisoloni mambo huweza kuwa kinyume: vipimo vingi huidhania kuwa kortisoli, na namba hupanda kwa uongo. Muulizaji mzuri basi hutaka kuona kila kidonge, kila dawa ya kunusa na kila kopo la mafuta kabla ya kutazama karatasi ya maabara.

Juu ya "adrenali iliyochoka"

Tangu mwaka 1998, mtaalamu mmoja wa tiba mbadala wa Marekani alipolibuni jina hilo, imeenea dhana kwamba dhiki za maisha huzichosha adrenali mpaka zishindwe kutoa kortisoli ya kutosha, hali iliyo chini ya ugonjwa lakini juu ya afya. Dhana yenyewe inavutia, na wanaoisadiki si wapumbavu. Ni watu walioambiwa kwamba vipimo vyao ni vizuri huku wakijihisi vibaya. Lakini watafiti wa Brazili walipozipitia tafiti 58 mwaka 2016 hawakupata uthibitisho kwamba hali hiyo ipo. Dhiki huzisukuma adrenali zifanye kazi zaidi, haijaonekana kuziua. Uchovu wa watu hawa ni wa kweli, na sababu zake hutafutwa kwingineko: upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, VVU, usingizi mbaya, sonona. Hatari kubwa ni pale wanapouziwa vidonge vyenye kortisoli ndani yake, kwa kuwa vidonge hivyo vyaweza kuleta upungufu uleule waliokuwa wakiuhofia.

Wenye upungufu hasa

Matibabu si magumu kuelewa. Kinachokosekana hurudishwa: haidrokotisoni, ambayo ni kortisoli kwa jina la duka la dawa, miligramu 15 hadi 25 kwa siku, dozi kubwa ikimezwa asubuhi ili kuiga saa ya mwili, na kwa wale ambao gamba lenyewe limekufa, fludrokotisoni badala ya aldosteroni. Pasipopatikana vidonge vya haidrokotisoni, prednisoloni kidogo hutumika. Vidonge havina mwangalizi wa kuongeza kiasi wakati wa shida, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hufundishwa kuwa mwangalizi: akipata homa, huzidisha dozi mara mbili au tatu mpaka apone. Shule yenye mwanafunzi wa namna hii inapaswa kuwa na habari hiyo kwa maandishi.

Akitapika, vidonge havimfai kitu, naye huhitaji sindano ya miligramu 100 za haidrokotisoni pamoja na maji ya chumvi mshipani. Sindano hiyo ndiyo ileile inayotumiwa kwa pumu kali. Ikiwezekana, damu ya kupima kortisoli na ACTH huchukuliwa kwanza. Lakini sindano haisubiri majibu. Mtu asiyekuwa na upungufu hatadhurika kwa dozi moja, na majibu ya maabara yatasomwa kesho yake, mgonjwa akiwapo.